Kwa Swadi

Karani wa vitambulisho, pale ofisi ya kata Kibaigwa,
aliandika BASHIRI bila kuinua uso.
Baba akasema, "Basiri. Kwa swadi."
"Mzee, hapa hakuna swadi,
kuna S na kuna SH. Sogea, foleni ndefu."

Hivyo, kwa herufi moja, mwenye kuona
akawa mleta habari njema.
Shuleni walikuwa wamekwisha kumwita Bawasiri,
akawapiga wawili, akapigwa na watano,
kwa hiyo ya karani aliiacha ipite.

Jina lilitoka kwa Ustaadhi Hamduni,
aliyeteremka kutoka Kondoa na jamvi moja
na kitabu kisicho na jalada.
Siku ya saba, mbuzi keshachinjwa, bibi akauliza,
"Maana yake nini?"
"Anayeona. Al-Basiri ni Mwenyewe, aliye juu.
Huyu tunamwazima tu, bila ile Al."
"Na atarudisha lini?" akauliza bibi,
Mgogo aliyezaliwa mwaka wa njaa,
aliyejua hata kibaba cha mtama kina siku yake ya kudaiwa.
Ustaadhi alicheka. Bibi hakucheka.

Sokoni alikuwa mpimaji.
Gunia halijagusa mizani, baba keshasema:
"Mia na kumi na nane. Lumbesa. Punguza."
Mizani ikapanda, ikatetemeka, ikasema vilevile.
Punje moja tu kiganjani, upande wa kiini,
akajua mahindi yamekauka juani
au yamelala na umande ili yaongezeke uzito.
Madalali walimchukia kwa heshima.
"Lile jicho," walisema, "lile jicho la Basiri."

Lakini jicho lilikuwa na deni la zamani:
nzi, vumbi la Mei, ndoo moja
kwa nyuso za watoto sita.
Vikope vilimpata akiwa mdogo, vikaondoka,
vikaacha kope zikigeukia ndani
taratibu, kama watu wanaorudi kwao usiku.
Kila akipepesa, zikachora mboni.

Alitembea na kibanio mfukoni,
kimefungwa uzi mwekundu kisipotee.
Mama alimng'oa kope kila Ijumaa.
Mama alipofariki, nikang'oa mimi,
na miaka tisa yangu, na vidole vyembamba,
pumzi yake ya ugoro usoni pangu.
"Umeipata?" "Bado." "Umeipata?"
Zikaota tena. Kope hazijui huruma.

Mvumi, daktari alisema tumechelewa.
Kioo cha jicho kimekwaruzika,
upasuaji utazuia maumivu, si giza.
Alisema vizuri, polepole, akatupa karatasi.

Kwenye benchi la nje alikaa mzee Bafadhili,
muuza vitambaa wa mjini, jicho lake limefungwa bandeji.
Akauliza jina. Akaambiwa.
Akanyamaza kidogo. Kisha:
"Kwa babu zangu, Hadhramauti,
kipofu hatumwiti kipofu, ni kumvunjia adabu.
Tunamwita basiri."

Nilitaka kumtupia kiatu.
Baba akacheka mpaka bandeji yake ikalegea,
muuguzi akaja mbio.
"Kumbe," alisema, "kumbe tangu siku ya saba
waliniita mara mbili kwa pumzi moja."
Na njia nzima ya kurudi, kwenye lori la alizeti,
alirudia peke yake: swadi, swadi,
ulimi ukibonyea ndani kama anaonja chumvi.

Bibi hayupo tena aulize deni limelipwa na nani.

Juzi bima walitaka kitambulisho.
Alikishika, akapapasa herufi zisizo na mwinuko.
"Nisomee."
Nikasoma: "Basiri." Nikaizamisha sauti,
nikaipa swadi yake, nzito, kamili.
Aligeuza uso kuelekea kwangu,
mahali hasa yalipo macho yangu.
"Bado kuna SH hapo," alisema.
"Weka mfukoni. Twende."