Pini ya Saa Sita

Mississippi haina haraka hapa chini ya Plaquemine.
Inapita na udongo wa mashamba ya watu wengine,
gogo, chupa, kiatu cha mguu mmoja,
na tishari letu limefungwa gatini kwa kamba saba.
Nimezihesabu. Nikazihesabu tena,
maana maji yanapanda, na kamba iliyolegea jioni
usiku hukaza kama uzi wa gitaa.

Leo karatasi ina jina langu, Zeline Dardar,
si la Mzee Ovide. Yeye amekaa mlangoni mwa boti la kusukuma,
anamenya chungwa, anatazama ng'ambo
kama mtu asiyenijua.

Mapipa elfu kumi ya benzeni yanangoja nchi kavu.
Harufu yake tamu. Hilo ndilo baya lake.
Pua ni shahidi wa mara moja: hunusa, hushtuka,
kisha huzoea, na kukuapia hakuna kitu.
Nimevaa kipimo kifuani. Kikilia, nakimbia,
sibishani nacho.

Nimeziba matundu ya dekini,
hata lile la nyuma linalodaiwa halivuji.
Nimeinua vali ya kupumulia kwa mkono, ikashuka yenyewe,
tap, kama kifuniko cha sufuria ya wali.
Nimejaribu kengele za kujaa.
Tenki la kwanza, ikalia. La pili, ikalia.
La tatu ikalia hadi korongo akaruka kutoka kwenye nguzo
amekasirika, miguu ikining'inia.
Taa nyekundu iko juu. Redio inajibu.

Bado mipira miwili:
mmoja wa kuleta mzigo, mmoja wa kurudisha mvuke.
Tenki likijaa hutoa pumzi,
na zamani pumzi hiyo waliiachia hewa.
Ovide anasema waliiona ikitetemeka juu ya dekini
kama joto juu ya lami, wakala chakula cha mchana humo humo,
yeye na kaka yake Alcide.
Alcide hakufika miaka hamsini. Damu.
Hapo Ovide hubadili mazungumzo.
Siku hizi inarudi kwa bomba, kama deni.

Mpira wa mvuke una pete ya njano kati ya nyekundu mbili,
na flanji yake ina tundu la ziada
la kupokea pini ya tishari: chuma kifupi kuliko kidole gumba,
kinachosimama juu kabisa, mahali pa saa sita,
ili mkono uliochoka usiunge mzigo kwenye njia ya mvuke.

Nikapitisha glavu.
Ilikuwa saa sita ya usiku, na kwenye saa sita hapakuwa na kitu.
Kisiki tu, kimekatika, kinang'aa kwenye tochi.

"Rangi unaiona," alisema Guidroz wa gatini.
"Mpira unaujua. Funga, binti. Kuna tishari lingine nyuma yako."
Kweli rangi niliiona.
Kweli, usiku ule, nisingekosea.
Sahihi yake ilikuwa tayari imelala kwenye karatasi,
na ya kwangu ilikuwa nafasi nyeupe, ndefu kama kucha.

Nikarudisha kofia ya kalamu.

Guidroz akatukana mto, kwa heshima hakunitukana mimi.
Ovide akainuka, hakusema neno, akaingia jikoni.
Nikasikia birika likijazwa maji,
lile kubwa, la kungoja.

Fundi alifika saa tisa kutoka Port Allen,
ovaroli juu ya nguo za kulalia.
Saa kumi na nusu tukafungua vali, polepole kwanza,
na mshale wa kanieneo ukapanda kidogo, ukatulia.
Mpira wa mvuke ukajinyoosha kama mtu anayeamka.
Nikaweka kiganja juu yake. Ulikuwa baridi.

Kulipokucha Guidroz alileta fomu ya ucheleweshaji.
Sababu: na mistari sita.
Nikaandika, pini.
Akasema kuna nafasi zaidi.
Nikamwambia naiona.