Mto wa Awamu ya Pili

Asubuhi ya kampeni, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
sijafungua hata kopo la viraka,
simu imeshatetemeka mara arobaini na moja.
Kundi la mtaa haliamki,
kwa kuwa halikulala.

Ya kwanza: mgombea aliyetuahidi daraja
hapa pasipo mto wala mfereji.
Fundi wa picha kamsimamisha juu ya daraja lenyewe,
ndoano mkononi, anavua vumbini,
chini kaandika: *Mto unakuja awamu ya pili.*

Shekalaghe, ambaye kofia ya huyo mgombea
haimtoki kichwani hata akioga,
alicheka mpaka kandambili moja ikamponyoka
ikaangukia kwenye beseni langu la maji.

Ikafuata ya mpinzani,
aliyehutubia saa nne juu ya kubana matumizi.
Kavishwa saa ya ukutani shingoni,
na wasikilizaji wote wameota ndevu,
hata kichanga mgongoni mwa mama yake.
Hapo zamu ikawa ya Semboja.
Alijishika mbavu, akaniomba nimrushie,
akampelekee mkewe aliye mkali kuliko chama.

Hivyo ndivyo tulivyofika adhuhuri:
spoku tatu, pedeli moja,
na wanaume wawili wasiopigia kura sanduku moja,
benchi moja, mfuko mmoja wa machungwa ya Muheza.

Saa saba ikaingia nyingine.
Namba siijui.
Hii haikuwa na kicheko ndani.
Ilikuwa na mtaa wetu, mshale mwekundu,
jina la ukoo, nyumba ya ibada,
*wale ndio, tunawajua,*
*sambaza kabla haijafutwa,*
na alama saba za mshangao kama misumari iliyomwagwa njiani.

Nisijitakase. Kidole kilishafika.
Maana katika hao waliotajwa
mmoja ana deni langu, tairi mbili na breki,
tangu kabla ya Ramadhani,
na akinipita hujifanya anatazama nguzo za umeme.

Kidole kikiwa hapo hapo, nikakumbuka maziko ya baba.
Mtani wetu Kapalata,
Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge,
alitangulia kaburini kabla ya jeneza.
Akajilaza. Akasema pana upepo mzuri,
hatoki bila elfu tano,
na marehemu akitaka, wabanane.
Kaka yangu alicheka kamasi zikimtoka.
Nami niliposimuliwa, nyumbani, kati ya wanawake,
nilicheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.
Lakini walisema pia:
alipolipwa alitoka, akashika jembe,
na hakuliachia mpaka udongo ukaisha.
Kanzu yake haikutakata tena.

Basi nikaitazama ile namba ya saa saba.
Wewe, nikaiuliza,
wewe ungeshika jembe?

Nikafuta.
Kundini sikutoka. Nitoke,
halafu mto ukifika nani ataniambia?

Alasiri Shekalaghe akarudi, ameshika baiskeli kwa pembe,
tairi la mbele limelala.
"Mwanamkuu, umeiona ile?"
"Ipi?"
"Ile."
"Sijaiona."
"Hata mimi," akasema.
Semboja akachokonoa kokwa la chungwa kwenye jino
na kusema yeye bando lake liliisha mapema,
yeye ambaye nilimwona hewani mchana kutwa.

Nikautoa mpira, nikaujaza upepo,
nikauzamisha kwenye beseni kipande kwa kipande.
Tukainama wote watatu,
tukingoja povu litutajie tundu.

Simu ikatetemeka juu ya benchi.
Hakuna aliyenyoosha mkono.

Kisha tukanyoosha wote.