Mkono Ulirudi Kabla Yangu

Aggrey na Likoma, saa tano, umeme ndiyo kwanza umerudi.
Nimeinamia simu ya Mwanahija, bodi iko wazi,
Mwinshehe ananipigia kelele bei ya kioo,
nikanyoosha mkono bila kutazama
nikaidaka pasi ya kulehemu
penye joto.

Mkono ulirudi kabla yangu.
Nasema kweli, kabla yangu.
Ulishafika kifuani
mimi ningali natafuta bei ya kioo.
Nani basi aliyeuvuta?

"Uti wa mgongo, fundi," akasema Mwanahija,
anasomea uuguzi, Muhimbili, mwaka wa pili.
"Ngozini una ncha zilizo wazi kama waya uliochunwa.
Hariri haziijui. Zinangoja moto, mchomo, mbano.
Joto likizidi, vilango vinafunguka,
chembe za chumvi zinamiminika ndani, cheche inazaliwa,
inapanda mkono mpaka mgongoni.
Huko amri inatoka palepale: vuta!
Kichwani wanapelekewa nakala."

Nakala!
Miaka yote najidhani mkurugenzi.

Lakini mbona niliumia mara mbili?
Ya kwanza nyembamba, kali, sindano.
Nimeshaitukana pasi, nimeshanyamaza,
ndipo ya pili ikaingia, pana, inapwita,
kama mgeni aliyekuja na godoro.

"Nyaya mbili. Mmoja umevikwa mafuta,
habari inaruka kituo hadi kituo.
Mwingine mwembamba, uchi,
habari inajikokota
kama mtu anayekata Mtaa wa Kongo
mkesha wa Idi."

Kwangu waya uchi ni hitilafu,
naufunga utepe, nachaji elfu mbili.

Kumbe nilikuwa nakisugua kidole, sijui tangu lini.
"Endelea," akasema, "mguso una mbio,
unawahi mlangoni, maumivu yanabaki foleni."
Nikamkumbuka mama, Buguruni, na goti langu,
kiganja chake kikizunguka, kikizunguka,
lishapoa, lishapoa,
na kweli likapoa.

Akanyamaza kidogo.
"Wapo wanaozaliwa bila habari hiyo.
Mtoto anatafuna ulimi wake akidhani chakula.
Anakanyaga msumari, anarudi nao nyumbani."

Nikakipuliza kidole. Lengelenge linainuka.
Kinauma, kinauma vizuri tu.

Simu ikawaka. Nilitaka elfu nane,
akatoa saba na mia tano,
nikapokea kwa kushoto.
Nisamehe, dada,
wa kulia uko kazini.