Masikio Yakilala

Leo sitaki kalamu
wala wino wa kudumu.
Mugisho, ni yangu zamu,
leta rimoti mezani.

Tuko hapa Manitoba,
theluji imeshashiba,
dirisha imeliziba,
mji wetu wa Brandoni.

Mchana mimi na kisu
kiwandani, nusu nusu,
nguruwe hawanihusu
wapita mnyororoni.

Miaka sita nakata,
mfupa naufuata,
gizani pia napata
kiungo kilipo ndani.

Basi nikajidanganya
nami vita nitafanya,
mbwamwitu kuwatawanya
wa mwanangu, runingani.

Kumbe nilibonyabonya;
mwanangu hakunionya;
pumzi ikanisonya,
ikaniisha njiani.

Pumzi ni mstari tu:
ukipiga mara tatu
unabaki kama mtu
apandaye milimani.

Mbwamwitu hakukawia,
akaja kunirukia,
kioo kikaingia
wekundu hadi pembeni.

Nikafa. Nikafufuka,
nikafa kabla kuruka,
nikafa nikiinuka,
mara tisa, hesabuni.

Mugisho kacheka mno
akinionyesha meno,
akaushika mkono
wangu, kautua chini.

“Baba, wewe wapigana
kama vile wagombana
na bosi wako mchana.
Acha hasira kazini.

Mtazame masikio:
yakilala, ndiyo mbio.
Usikimbie: mwenzio
hachoki, yuko nyumbani.

Inua ngao, subiri,
akiruka ndipo siri:
mgongano ukijiri
atayumba, yuko chini.

Piga moja. Rudi nyuma.
Pumzi hujaa vyema
polepole, kama nyama
inavyoiva jikoni.”

Miaka kumi na moja,
ananifunza kungoja,
mimi niliyeingoja
viza, miaka kambini!

Kesho yake, zamu nzima,
kichwani nilimpima:
masikio, kusimama,
kulala; kisu mwendoni.

Rodel akanigutusha:
“Ni nini chakuchekesha?”
“Mbwa,” nikamfahamisha,
“tuna miadi jioni.”

Jioni nikamngoja
chini ya mti mmoja,
nikasikia akija
kama pamba sakafuni.

Masikio yakalala.
Sikupiga. Wala, wala.
Karuka; ngao ikala
meno yake ya mbeleni.

Akayumba. Nikachoma
moja. Nyuma. Nikapima.
Pumzi; tena. Kakoma,
akalala thelujini.

Nikaimba, nikacheza,
ushindi nikatangaza,
jirani katukataza
akigonga ukutani.

Kisha nikafa kwa njaa.
Siku mbili, kwa tamaa
ya vita, sikuandaa
hata kiazi motoni.

Mugisho akazirai
kwa kicheko: “Hushangai?
Mkata nyama si hai,
nyama tele ubavuni!”

Alfajiri ya baridi,
hasi thelathini, hadi
kope zanata kusudi,
nikatoka mlangoni.

Kati ya magari: jicho.
Koyote, nje ya kificho,
anatafuta kilicho
bado kizuri pipani.

Mkono ukainuka
na mkebe, pasi shaka,
ngao yangu ya kudaka,
na wali na sombe ndani.

Nikamwona masikio:
wima. Hapakuwa mbio
wala ngurumo, kilio,
ila mvuke puani.

Naye akanitazama
labda yangu, kwa kupima;
kofiani yamezama,
hakupata la yakini.

Akaenda zake, pole,
akipita njia ile
ya reli; hata kelele
hakuacha barafuni.

Nikaketi kwenye gari,
mashine haina ari.
Kwanza nile: ni hatari
kufa na wali pajani.