Elfu Kumi na Saba

Stakabadhi ya karafuu, kituo cha Wete,
namba elfu kumi na saba.
Nikaigeuza, nikaomba kalamu.

Kwa tatu, baki mbili.
Kwa saba, baki nne.
Kumi na tatu, baki kumi.
Foleni nyuma yangu inaguna,
vidole vyangu vinanuka makonyo.
Tisini na saba: baki kumi na sita.
Mia na moja sikuihangaikia,
ikijizidisha yenyewe imeshapita.

"Haigawiki, Faki. Ila kwa moja, na kwa nafsi yake."
"Basi tasa hiyo," akacheka,
kisha akakumbuka anasema na nani.

Miaka kumi na tisa mawifi waniita hivyo.
(Kumi na tisa, nayo haigawiki.)

Nikaifunga pindoni mwa kanga.
Vitabuni, Faki,
namba hiyo hiyo huitwa nzima.