Asilimia Sitini na Moja

Saa nne usiku, Kirumba, mlango wa duka nimeuegesha,
nikabonyeza *Sasisha*,
maana wiki nzima mashine ilikuwa ikinisema:
toleo lako limezeeka, toleo lako limezeeka,
kama mimi sijui,
kama si mimi ninayeilipia umeme.

Ikafika sitini na moja
umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja.

Uliporudi, kioo kilikuwa cheusi
na vitone vyeupe vinafukuzana kwenye duara,
mchezo usio na mshindi.
Wadudu wa ziwani, wale wasiouma, wakaja kutua
juu ya mwanga ule mdogo
nikashindwa kujua kipi kitone kipi mdudu.
Nikapuliza.
Vitone vikabaki.

Nikazima. Nikawasha.
Nikazima kwa nguvu, kidole juu ya kitufe, nikahesabu hadi kumi
kama ulivyonifundisha, Lugendo.
Yakaja maandishi yenye adabu:
*Tunarudisha mabadiliko. Usizime kompyuta.*
Hayakurudisha kitu.

Na humo ndani kuna vibali vitatu vya dagaa vya alfajiri,
barua ya Nyanzala kwa benki,
picha za pasipoti za darasa zima la Kitangiri,
na mengine ambayo fundi hayamhusu.

Kwilasa alikuja na bodaboda kutoka Makoroboi,
bisibisi mdomoni, flashi shingoni kwa kamba ya kiatu.
"Nani alikushauri, shangazi?"
Yenyewe.
Akafungua ubavu wa mashine
likatoka vumbi lenye harufu ya Mwaloni,
miaka na miaka ya dagaa wakavu, feni imewavuta mmoja mmoja.
Akachomoa kumbukumbu, akaisugua kwa ufutio
wa shilingi mia mbili, kutoka rafu yangu mwenyewe.
Sikumdai.
Akachokoa kibetri cha duara, akakilamba, akatikisa kichwa:
"Hiki kimekufa zamani. Kipya hadi kesho."

Akachomeka flashi. Akagonga F12, F12, F12
kama anayemwamsha mlinzi.
"Wengine wangefuta kila kitu," akasema,
"sisi tutairudisha ilikotoka."
Akaandika amri nisizozijua, taratibu, kidole kimoja,
na asilimia zikaanza tena kupanda.
Hamsini na nane. Hamsini na tisa.
Ilipofika sitini na moja
mimi nikaitazama balbu, yeye akanitazama mimi,
nje mbwa mmoja akanyamaza.
Sitini na mbili.

Ikafunguka.
Ile picha yako ya Jiwe la Bismarck, imepinda kidogo upande wa kushoto,
na pembeni chini, saa:
mosi Januari, elfu mbili kumi na sita.
"Ni betri," akasema Kwilasa. "Haijui leo ni lini,
inaanzia siku inayoikumbuka."

Siku hiyo, Lugendo, ulikuwa Nansio.
Ulinipigia kuuliza kama wino mweusi umefika.
Nikasema umefika.
Haukuwa umefika.
Nilitaka tu uendelee kuongea mambo mengine,
ukaongea, salio likakuishia katikati ya neno.

"Nirekebishe tarehe?"
Ngoja.
"Shangazi, ukiiacha hivi mtandao hautafunguka.
Itadhani vyeti vyote bado havijazaliwa."
Vibali kwanza, nikamwambia.
Printa ikakohoa, ikatoa karatasi ya moto,
na juu yake, kwa herufi ndogo, tarehe ya siku ile.
Kwilasa akacheka.
Mimi nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye droo ya stempu.

Kule chini wanawake wa Mwaloni walikwisha kuamka,
nasikia mabeseni yakigongana.
Mwenye dagaa akabisha: "Mama, kibali tayari?"
Nikamjibu tayari,
nikamwachia Kwilasa kiti,
nikasimama nyuma yake nikitazama anavyoipandisha miaka,
kubonya kumoja, mwaka mmoja,
na kwenye ule mmoja nikamshika bega
akapita polepole.