Hewa ya Korongoni

Tumeandika safari nyuma ya daftari la madeni,
kwenye kurasa ambazo bado hazijachafuka kwa majina ya watu wa Goba
waliochimbiwa maji wakasema watalipa mwisho wa mwezi.
Sikudhani ndiye mwenye kalamu. Mimi natamka, yeye anakata.
Treni ya Tazara, daraja la pili: anaandika.
Soda za njiani: anakata.
Kiingilio cha hifadhi, bei ya mwananchi:
"Tubebe vitambulisho, wasije wakatugeuza wageni."

Korongo lenyewe tuliliona kwenye kalenda ya benki,
mwezi wa Agosti, juu ya tarehe ya kodi ya nyumba.
Kuta nyekundu zinashuka mpaka macho yanachoka,
na chini kabisa mto, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo.
Agosti iliisha, Septemba ikaja na twiga wake,
sisi hatukufunua.

Miaka ishirini na sita nimekula kwa kuuza kina.
Kaulize Chanika, Kibada, Mbezi ya Juu.
Mita arobaini, mchanga. Sitini, udongo wa mfinyanzi.
Themanini, unaonja, chumvi, unaanza kutafuta maneno
ya kumwambia mwenye kiwanja.
Ardhi ya mji huu naijua kwa ulimi.
Lakini kina chote nilichouza kilikuwa na upana wa sahani,
cheusi, mteja akichungulia haoni kitu
isipokuwa hesabu yangu.
Nataka kuona kina ambacho sikulipwa,
kilichochimbwa na maji yenyewe, bila haraka,
bila kudaiwa risiti.

Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu. Wanacheka:
"Mchimba visima anakwenda kutalii shimo!"
Nami nacheka nao.

Jioni napanda ngazi za jengo moja Kariakoo
ambalo lifti yake imekufa tangu Mfungo Mosi.
Ghorofa saba, kupanda na kushuka,
goti la kulia likilalamika kama mpangaji.
Mlinzi, kijana wa Kilwa, ananihesabia kwa sauti.
Viatu nimevipata Karume, mtumba, soli nene,
vya mtu aliyekanyaga milima nisiyoijua.
Kisigino cha kushoto kimelika zaidi.
Naye alikuwa anachechemea.

Jumanne nikapiga simu hifadhini.
Akapokea dada mwenye lafudhi ya Kihehe:
njia ya kushukia hufungwa masika, hufunguliwa Juni,
saa tatu kushuka, saa tano kupanda,
hamruhusiwi bila mwongozaji.
"Una swali jingine, mzee?"
Nikanyamaza. Sikudhani akaacha kuandika.
"Hewa," nikasema. "Hewa ya huko chini ikoje?"
Akacheka, lakini si kwa ubaya.
"Hewa ipo tele, mzee. Kuna ndege wanaishi huko."

Kisima cha Tandale kilikuwa mita kumi na moja tu.
Siku zile tulichimba kwa mikono, mimi na mdogo wangu Shomvi.
Asubuhi ile hatukukitanguliza kibatari:
mafuta yalikuwa yamekwisha,
na duka lilikuwa ng'ambo ya barabara.
Alishuka akipiga mluzi.
Ng'ambo ya barabara.

Begi liko tayari chini ya kitanda, ingawa ni Machi
na mvua ndiyo kwanza inajifunza kugonga bati.
Niliweka kibatari. Sikudhani akakitoa:
"Tochi ipo, na hicho kitanukisha nguo."
Nikakirudisha. Akakitoa. Hatukusemezana.
Jana usiku nilipapasa gizani nikakikuta ndani,
kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga,
na chupa ndogo ya mafuta, kizibo kimekazwa kwa nailoni,
na kiberiti kipya,
hakijapungua hata njiti moja.